Mkwe Aliyekataa Bunduki

Eugene, Oregon
9 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Burns? Ng'ombe wameshaanza kuzaa? Mimi ni mzima kuliko wazima wote. Baba, ndoa ni tamu! Asubuhi Lowell ananiletea kahawa kitandani, imejaa maziwa kama ninavyopenda, kisha anakaa kunitazama kana kwamba duniani hajawahi kutokea mtu akanywa kahawa. Gari lake likiingia uani, moyo unaniruka.

Usimkasirikie kwa ile bunduki. Najua kila mkwe wa ukoo wetu hupewa bunduki siku ya harusi, pamoja na magazini zake, vile visanduku vya kubebea risasi thelathini, na hakuna aliyewahi kuirudisha. Alisema tu, "Mwambie mzee asante, lakini hapana." Sikumuuliza sababu. Nilikuwa nambusu.

Mwanao akupendaye,
Tressa


Burns
16 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Goti linalia, ng'ombe wanazaa, Mungu ni mwema. Lakini wewe uliza kwanza, ubusu baadaye. Mume wa dada yako ni mvivu asiye na mfano, ila bunduki aliipokea kwa mikono miwili. Mtu anayekataa zawadi bila kutoa sababu, sababu anayo.

Na huu ndio wakati wa kuijua. Wabunge wa jimbo wameleta muswada wa kutuzuia tusinunue magazini zinazobeba zaidi ya risasi kumi. Sisi wafugaji tumekodi basi, Alhamisi ya kwanza ya Machi twende bungeni Salem tukaiambie kamati ya muswada huo iache vitu vyetu. Muulize mumeo kama atakuja kukaa karibu nami. Kisha mtazame usoni.

Baba yako


Eugene
24 Februari

Baba,

Shikamoo. Hatujambo, ingawa mimi silali vizuri. Nimemuuliza. Rangi ikamtoka, akasema siku hiyo ana kazi. Kazi gani? Yeye ni fundi bomba, lakini nimeikuta tai yake ya harusi kwenye buti la gari, imepigwa pasi! Fundi bomba wa tai umemwona wapi? Na kila jioni yuko gereji, ananong'ona. Nikiingia, kimya.

"Unaongea na nani, mpenzi?"

"Na mabomba," anasema, halafu ananibusu puani. Busu tamu, Baba, lakini la mtu mwenye lake. Jana nilitega sikio mlangoni nikamsikia akisema, "Mke wangu sijawahi kumwambia." Kuna mwanamke! Nitamfuata. Na usinicheke.

Mwanao,
Tressa


Eugene
Machi

Baba,

Leo sikuamkii.

Nilimfuata hadi Salem, hadi ndani ya jengo la bunge, nikaketi nyuma nikimtafuta huyo mwanamke. Hakuwapo. Jina la Lowell likaitwa, akaketi mbele ya kamati na tai yake. Akasema alikuwa kijana, anapanga makopo dukani, mtu alipoingia akifyatua risasi. Zilipomwishia akainama kubadili magazini, na katika kimya kile Lowell akatambaa hadi mlango wa nyuma. Mwenzake Petra alikuwa ameshaanguka. "Mke wangu sijawahi kumwambia haya," akasema. "Magazini ingekuwa ndogo, kimya kingekuja mapema."

Ndipo sauti ikatoka kwenye kofia zenu, ninyi wafugaji wa Burns: "Mwongo!"

Sauti hiyo naijua. Ndiyo iliyonifundisha kusali.

Njiani kurudi nyumbani Lowell alisema neno moja tu: "Yule alikuwa mzee wako?" Nikamwambia ndiyo.

Juzi nilidhani siwezi kumpenda zaidi. Kumbe nafasi ilikuwepo. Chagua maneno yako, Baba, au usiandike.

Mke wa Lowell


Burns
Aprili

Binti yangu,

Hamjambo, wewe na mumeo? Nauliza kweli.

Nimeandika nikachana, nikaandika nikachana. Nilikuwa nimekaa nyuma ya nguzo, simwoni anayeongea, na jina lake lilipoitwa sikulisikia kwa kelele za wenzangu. Lakini hilo si la kujitetea, maana ningemwita mwongo hata angekuwa mkwe wa mtu mwingine. Ndani ya basi tuliambiana kwamba watu wa upande ule hulipwa waje kulia. Ukishaamini kila chozi lina mlipaji, husikii tena. Aliposimama ndipo nikamwona. Jina langu lilipoitwa nami nikaseme, nilikuwa nje nimeshika kofia mkononi. Wenzangu wanasema nimegeuka.

Sijageuka. Muswada naupinga hadi leo, na nitamwambia hivyo mezani kwenu, naye aniambie lake. Lakini kabla ya kuketi kuna neno nataka kumwambia nikiwa nimesimama mlangoni: kwamba namwamini.

Jumapili naja. Asiponifungulia, sitabisha hodi tena. Nitakula mkate wangu garini, nirudi Burns.

Baba yenu