Sababu za Kwenda Leiden kwa Siku Moja

Awindiri,
Arua.
Alhamisi, 18 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Poni,

Pokea salamu kutoka nyumbani, salamu za mvua na matope, maana Septemba hii haijatupa nafasi ya kuanika hata kitambaa. U hali gani? Mgongo je, bado unakuuma ukisimama muda mrefu pale jikoni kwa wazee unakofanya kazi? Na baridi imekwisha kuingia huko Enschede? Sisi hatujambo. Mama yupo, anakula, anagomba, anaikataa dawa ya presha kisha anaimeza nikigeuka. Ukisikia anagomba, ujue mzima.

Mimi mwili ni mzima ila roho haitulii. Tangu Jumapili nafagia uwanja niliokwisha kuufagia. Barua hii nimeianza mara kadhaa: nakaa, nainuka, nachungulia sufuria, narudi nasahau nilitaka kusema nini. Nina habari kubwa kwako, Poni. Si mbaya, usiogope. Lakini naomba uisome kwa mpangilio nilivyoiandika, usiruke mistari kama ulivyozoea. Keti kwanza.

Naanza na mwanao. Rejoice alinipigia Jumapili baada ya kanisa.

"Mama mkubwa, nimemwomba tena aje Leiden. Amekataa tena. Mimi sitamwomba tena."

Hakulia. Ingekuwa heri angelia. Alisema kama mtu anayesoma tangazo. Mtoto amemaliza mwaka wa kwanza wa chuo, amefaulu, amepata chumba chake juu ya duka la baiskeli, kando ya mfereji, na mama yake anayeweza kupanda treni asubuhi na kurudi jioni hajawahi kubisha mlango wake. "Anadhani nimehamia ndani ya mto," akaniambia. Kisha akacheka kicheko ambacho sikukipenda.

Najua kwa nini unakataa. Nilikuwapo. Sisi sote tulisimama ukingoni mwa mto Kaya, mpakani na Uganda, mwaka ule wa 2016, tumekimbia kwetu Yei kwa miguu kupitia vichakani kwa sababu barabara haikupitika, mto umejaa, na nyuma yetu bunduki. Kenneth wako alimweka Rejoice mabegani akamvusha. Akarudi akakuvusha wewe. Akarudi akanishika mimi mkono. Halafu akachukua kitenge chako cha manjano, kile chenye ndege, akajifunga mgongoni ili ambebe Mama kama mtoto mchanga, akaingia tena. Hakumfikia Mama. Tulipaza sauti mpaka zikatuishia. Mama alivushwa kesho yake na wanaume tusiowajua, maji yalipopungua, na malori yakatupeleka kambini. Hatukurudi kuuliza. Nani angerudi?

Siku ile ulipokuwa unaondoka kwenda Uholanzi ulinishika hapa mkononi ukaniambia, "Dada, kila maji nikiyaona, naona yeye yumo ndani." Na Mungu akakupeleka nchi ambayo kila ukigeuka kuna maji. Rejoice ameniambia unazunguka njia ndefu kwenda kazini ili usipite kando ya mfereji. Sikucheki, mdogo wangu. Ninakueleza tu kwamba najua.

Basi nilipomaliza kuongea naye Jumapili nilishika kalamu nikuandikie sababu za kwenda Leiden, siku moja tu. Nilimwuliza maswali mpaka bando lake likakatika. Nakuandikia niliyoyasikia.

Katikati ya mji huo kuna kilima, na juu yake ngome ya zamani yenye ukuta wa mviringo. Ukipanda pale unaiona mifereji yote iko chini, na wewe uko pakavu. Unaweza kuanzia hapo. Unaweza hata kukaa hapo mchana kutwa, ukala chakula chako, ukarudi Enschede, na itakuwa umefika.

Chuo chao kina bustani ya miti na maua, ya zamani sana, yenye nyumba za vioo. Ndani mna joto kama Arua ya mwezi wa Februari. Rejoice huingia humo wakati wa baridi, anasimama tu karibu na majani mapana, anavuta pumzi, anatoka. Asema siku ya kwanza mlinzi alimwuliza kama anaumwa. Ningependa usimame naye hapo.

Jumamosi kuna soko kando ya maji. Wauza jibini wanaita wateja kama wauza nyanya wa hapa, na ukionja bila kununua hawanuni. Na mitaani watu wameandika mashairi makubwa ukutani, kwa lugha za dunia nzima. Rejoice anatafuta moja analoweza kulisoma bila kumwuliza mtu. Mkitafuta wawili mtaona zaidi.

Sababu iliyonikaa moyoni ni ya tarehe tatu Oktoba. Zamani, zaidi ya miaka mia nne iliyopita, Wahispania waliuzingira mji ule. Watu wakafa kwa njaa, wakala vitu visivyoliwa. Wenzao waliokuwa nje ya mji wakabomoa kingo za kuzuia maji kwa makusudi, maji yakafunika mashamba, na mashua zikapita juu ya malisho ya ng'ombe zikiwaletea chakula. Mpaka leo kila tarehe hiyo wanakula samaki wa chumvi na mkate mweupe, na viazi vilivyopondwa pamoja na karoti na vitunguu. Mji mzima unatoka nje. Mwaka huu ni siku ya Ijumaa, na Rejoice atakuwa jikoni kanisani kwao akipika viazi hivyo. Mimi nilimsikiliza nikawaza: kumbe wako watu ambao maji yaliwaletea uhai. Sikujua niliweke wapi jambo hilo. Bado sijui.

Hapo ndipo kalamu ilinigomea. Nilijiuliza: Keji, unamtuma mdogo wako akavuke madaraja, wewe mwenyewe umevuka lipi? Tangu tuje Arua sijapita zaidi ya Koboko mjini. Kila mtu aliponialika Oraba, pale mpakani penye daraja la Kaya, nilipata homa ghafla. Usiku huo usingizi haukuja, na kulipokucha nilikwenda kwa Hakimu, jirani yetu anayepeleka sabuni na mafuta ya kupikia mpakani, nikamwambia nataka kiti.

"Mama, wewe iko na biashara Oraba?" akaniuliza.

"Sina."

"Basi unaenda kufanya nini?"

"Kuona mto."

Akanifungulia mlango wa lori. Ni Mwislamu mpole yule, mtoto wa mwanajeshi wa zamani; anajua wakati wa kunyamaza.

Oraba ni malori, Poni, malori na wabadilisha fedha na mawakala wanaokimbizana na makaratasi. Hakuna anayeutazama mto. Nilifika darajani. Nilishika chuma cha pembeni, nikapita mpaka katikati, nikatazama chini. Maji mekundu, mengi, yana haraka. Wanawake walikuwa wanafua nguo ukingoni na mmoja alikuwa anaimba. Nilikasirika. Nilitaka kumwuliza anawezaje. Kisha nikaona aibu, kwa kuwa yule naye anaishi pale, na nguo lazima zifuliwe.

Sikuweza kukaa na sikuweza kurudi kwenye lori. Nikashuka, nikafuata mto upande wetu wa Uganda, kuelekea kule tulikovukia. Hakimu alinifuata nyuma kwa mbali, viatu mkononi. Tulitembea mpaka mashamba ya mihogo. Mwanamume mmoja alikuwa analima, akasimamisha jembe. Anaitwa Tongun, Mkakwa kama sisi, umri wangu hivi. Nilimsalimu nikamwambia sisi ni watu waliovuka hapa wakati wa vita, na shemeji yangu alichukuliwa na maji. Nilisema hivyo tu. Sikumwambia alikuwa mtu wa namna gani, wala alivaa nini.

Tongun alilaza jembe chini.

"Mwaka ile maji ilileta mutu moja hapa," akasema. "Mwanaume. Ilikuwa amefunga kitenge kwa mgongo, kama mwanamke anabeba mtoto. Hiyo kitu ilitushangaza sana. Tukasema, huyu alikuwa anaenda kubeba nani?"

Nikamwuliza kitenge cha rangi gani.

"Njano. Iko na ndege." Kisha, kabla sijauliza tena, akaninyooshea mkono wake wa kushoto, akakunja kidole gumba katikati. "Na hapa kidole ilikuwa nusu."

Poni, ni nani mwingine? Ni msumeno uleule wa karakana ya Yei, uliomkata mwezi mmoja kabla ya harusi yenu, akaja kanisani amefungwa bandeji na pete ikavishwa hivyo hivyo. Nilikaa chini kwenye matuta ya mihogo. Hakimu akaja akakaa kando yangu, akanishika bega.

Walimzika, mdogo wangu. Hawakumwacha. Mahali palipoinuka, mbali na maji, pasipofika mafuriko, nyuma ya nyumba ya Tongun, na mawe yamepangwa kumzunguka. "Hatukujua dini yake," Tongun alisema, "basi shehe aliomba, na katekista aliomba pia. Tulisema Mungu atachagua." Kitenge hawakukifungua. Alizikwa nacho. Nikamwuliza kwa nini hawakutafuta ndugu zake, akaniambia walitafuta. Walipeleka habari kambini zaidi ya mara moja, lakini watu walikuwa maelfu na jina hawakuwa nalo. Alisema mkewe hupalilia pale kila anapopalilia mihogo yao, na watoto wao wamekatazwa kukanyaga.

Nilimwambia jina lake. Tongun alilirudia taratibu, "Kenneth," kama anayemkaribisha mtu ndani.

Nilirudi Arua giza limeingia, na Mama nilimwambia Jumanne asubuhi. Nilifikiri ataanguka. Aliuliza tu lori linaondoka saa ngapi. Basi jana Jumatano Hakimu alitupeleka wote wawili. Unajua kwamba Mama miaka yote hii hajawahi kulitaja jina la Kenneth. Alipotajwa aliondoka chumbani. Jana alikaa chini pale penye mawe, akavua kitambaa cha kichwa, akaanza kumgombeza.

"Nilikuambia uniache! Nilipiga kelele rudi, rudi, una mtoto! Wewe ulikuwa hunisikii wala nini!"

Aligomba mpaka mke wa Tongun akataka kuja kumshika, nikamzuia. Kisha Mama akaanza kung'oa majani kwa vidole, kila jani, akizunguka kwa magoti, mpaka pakawa safi. Njiani kurudi alilala begani kwangu kama mtoto. Leo amekunywa dawa yake mbele yangu.

Constantino, shemeji yako wa Koboko, tumempitia tukamweleza. Alilia sana kwa ajili ya mdogo wake. Mvua zikiisha ataweka saruji na msalaba, na Tongun amekubali bila sharti lolote. Hakuna atakayemhamisha Kenneth kabla hujaja kuamua mwenyewe. Pale ni pazuri. Upepo unapita, na mto unausikia kwa mbali tu.

Sasa nisikilize. Kenneth hayumo majini, Poni. Hayumo Kaya, wala hayumo kwenye mfereji wa nyuma ya kazini kwako, wala mifereji ya Leiden. Ameombewa na shehe, ameombewa na katekista, amelala pakavu na kitenge chako.

Utauliza Rejoice ameipokeaje habari hii. Sijamwambia. Amenipigia jana na leo, nami nimekuwa nikimjibu kuhusu mvua. Ulimi unaniwasha na siwezi kuvumilia muda mrefu, unanijua. Lakini yule mtoto alivushwa mabegani mwa baba yake, na jambo hili si la kuambiwa na shangazi wala mama mkubwa kupitia simu, amesimama peke yake juu ya duka la baiskeli. Ni la kuambiwa na mama yake, uso kwa uso, mkono ndani ya mkono. Sababu zile nyingine zote unaweza kuzitupa. Hii huwezi.

Barua hii naikabidhi kwa sista mmoja wa misheni ya Ombaci anayesafiri Jumapili kwenda Uholanzi. Ataitia posta akifika huko. Ikikufikia kabla ya tarehe tatu, panda treni siku hiyo. Ikichelewa, panda siku itakapokufikia. Ukishuka stesheni, mpigie Rejoice, atakuja kukupokea, na kama daraja la kwanza litakushinda, shikeni mikono msimame hapo hapo, umwambie hapo hapo.

Hakimu na mkewe wanakusalimu. Constantino na watoto wake wanakusalimu. Tongun na mkewe, ambao hujawaona, wameniomba niwataje nao. Mama anasema ule vizuri na uache kujifanya Mzungu kwa chakula cha baridi. Mungu aliyewapa watu wa mbali moyo wa kumsitiri mumeo akutangulie njiani, akuweke wewe na binti yako, akawape machozi yenye pumziko.

Ni mimi dada yako nisiyeacha kukupenda hata siku moja,

Keji