Ukuta wa Chumba cha Bibi

Chumba Na. 7, Ghorofa ya Pili,
Nyuma ya Soko Kuu.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Mjomba,

Kabla ya salamu, nakuomba ufunge mlango. Barua hii asiisome mtu mwingine, hata Mkaza-mjomba. Akijua yeye, Mama atajua kabla ya chakula cha mchana, naye atakuja ofisini kwetu kunitetea, nami nitakuwa nimekwisha. Ukimaliza kusoma, ichane.

Sasa shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Nimesikia siku hizi unainama kufunga viatu mwenyewe, nikafurahi. Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenikimbia tangu Alhamisi. Mama hajambo. Bibi naye amepata nafuu kiasi cha kuwagombeza wauguzi, kwa hiyo kwa leo usiwe na wasiwasi juu yake.

Utashangaa kwamba mimi, karani wa kampuni ya simu, nakuandikia kwa kalamu. Cheka tu. Simu yangu ni ya kazini na mazungumzo yake hurekodiwa. Barua nitamkabidhi jirani yetu mshonaji, anayekuja huko kesho.

Unajua kwamba daktari wa moyo anataka Bibi arudi nyumbani Jumatano akiwa na kile kidude. Nimekiona. Hubandikwa kifuani, hakizidi kifungo cha koti, na kila pigo la moyo hufika hospitali kwa mtandao mpya, huu wa kizazi cha tano, kabla hujapepesa jicho. Walipokijaribu, muuguzi wa jengo la pili alipiga simu wodini kuuliza mbona moyo wa mgonjwa unakimbia. Kumbe Bibi alikuwa anagombania kikombe chake. Akasema, "Ina maana hata nikikasirika wananiona? Basi waambieni hasira yenyewe ni yao."

Mjomba, mtandao huu nauamini, na si kwa sababu ya matangazo. Mtu ataweza kulala kitandani kwake na bado awe chini ya jicho la daktari. Ila una tabia moja. Mawimbi yake hubeba mengi na kwa haraka, lakini hayaelewani na kuta nene. Ule wa zamani hupenya kama harufu ya kitunguu. Huu hugonga ukuta ukarudi ulikotoka.

Ndiyo maana kila nyumba inatakiwa ipimwe nguvu ya mtandao, nje na ndani, kwa alama kuanzia sifuri hadi mia. Mpimaji wetu tunamwita Miguu, maana hutembea kutwa nzima na simu ya kupimia mkononi. Si mvivu, ila watu hawamfungulii mlango. Basi fomu huja safu ya "nje" imejaa na ya "ndani" tupu, na desturi niliyoikuta ofisini ni karani kuchukua alama za nje, kupunguza kumi, na kuziandika ndani. Nilipouliza siku ya kwanza, Miguu alinicheka. "Wee msomi, ukuta ni ukuta. Kumi zinautosha." Nikaandika. Nimeandika hivyo miezi minane.

Alhamisi hospitali ilituomba hakikisho kwamba mtandao unafika ndani ya nyumba za wagonjwa kumi na wanne watakaopewa kidude. Ya sita ilikuwa nyumba ya Bibi. Nje themanini, ndani sabini. Mwandiko ni wangu. Nami nimekulia humo, nazijua kuta zile za mawe ambazo wewe mwenyewe zilikushinda kupigilia msumari.

Jana nikamwomba Miguu twende tukapime. Dirishani alama sabini na sita. Kitandani kwa Bibi, sifuri. Nikapima mara tatu, nikainua simu juu kama anayefukuza popo. Sifuri. Miguu akakaa kwenye kigoda, akavua kofia.

"Karani," akasema, "tumeua mtu?"

"Bado," nikamjibu.

Dawa ipo, na ndiyo inayonipa nguvu. Kuna kisanduku cha kuweka dirishani, kinadaka mawimbi na kuyaingiza ndani. Leo asubuhi Miguu aliazima kimoja cha maonyesho kwa fundi mitambo, tukakijaribu. Kitandani alama sabini na moja. Nyuma ya kabati sitini na nane! Nililia, Mjomba, na Miguu akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Lakini kisanduku si chetu, tumekirudisha. Cha Bibi lazima kiidhinishwe na ofisi, na zile nyumba nyingine kumi na tatu bado hazijapimwa.

Mkuu wa kitengo chetu atatia sahihi hakikisho kesho asubuhi. Nitamfikia kabla, saa mbili kamili, nimwambie kwamba namba za ndani hazikupimwa na aliyeziandika ni mimi. Si mama mkatili, lakini sijasikia kwamba amewahi kumsamehe karani. Hata hivyo nitakwenda, na naamini kwamba akiziona namba za kitandani ataelewa. Ukisoma haya, nitakuwa nimekwisha kusema.

Ombi langu ni moja. Jumanne asubuhi daktari atakupigia kuuliza kama familia imeridhia Bibi atoke, maana wewe ndiye mkubwa wetu. Usiridhie. Mwambie wazi kwamba mtandao haufiki kitandani, na Bibi abaki wodini hadi kisanduku kifungwe nami nikupe alama nilizozipima kando ya mto wake. Nikifukuzwa kazi, usiridhie. Bibi mwenyewe akikupigia analia, na atakupigia, usiridhie.

Wasalimie Mkaza-mjomba, wale pacha, na babu fundi saa wa hapo jirani. Mungu akunyooshee mgongo, na akupe kifua cha kutunza siri.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata nikiwa na hofu,

Karani wenu

Kunipata: usipige simu yangu wala ya Mama. Piga duka la dawa lililo mkabala na ofisi yetu. Namba nimeiandika nyuma ya bahasha. Muuzaji ananifahamu. Piga Jumanne saa saba mchana, ukishazungumza na daktari. Nitakuwa pale, kazi ninayo au sina. Usianze kwa kunipa pole. Niambie kwanza kama Bibi amebaki hospitali.