Nilimtandikia Staa Nyasi, Sasa Mchumba Anaishia Mlangoni

Mama Athanasi, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, naishi kata ya Songambele, wilayani Kyerwa, na nakuandikia nikiwa nimejifungia jikoni kwa sababu sebuleni kwangu kuna mtu, au sijui nisemeje, ukiendelea kusoma utaelewa, naomba usinicheke na naomba unisaidie.

Nina mtoto mmoja wa kike, Kemilembe, yuko darasa la kwanza na meno ya mbele yameng'oka. Baba yake alikwenda kutafuta maisha nikiwa na mimba, akayapata huko huko. Tangu hapo mwanamume niliyempenda ni mmoja tu naye hanijui, ni Ambrose Kitali, yule mwigizaji wa tamthilia mwenye sauti ya taratibu, nimebandika picha yake ukutani na majirani wote wanajua, wananitania nikienda kisimani, nami nimezoea.

Basi mwaka huu nikasikia ametoa filamu ya mapenzi na vichekesho, habari ya mama anayelea mtoto peke yake na kumpenda staa, nikasema huyu ni mimi kabisa, nikaisubiri mpaka dada mmoja wa duka la simu pale Rubwera akaniwekea kwenye simu. Mama, ilikuwa bure kabisa. Ambrose anateleza, anaangukia ndoo, anaamka anateleza tena, sikucheka hata kidogo, na kilichoniuma zaidi ni yule mama, kwamba staa amefika mlangoni kwake kwa miguu yake mwenyewe na yeye anampa soda wamesimama, kiti hajampa, pole ya safari hajampa. Nikazima simu kwa hasira nikasema, angekuja kwangu angejua amefika kwa watu.

Jumapili yake baada ya misa nikaufanya mchezo huo kweli, nikakata nyasi laini nikatandika sebuleni kama bibi yangu alivyokuwa akimtandikia mgeni wa heshima, nikaweka kiti, nikaweka kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna na kisahani cha kutupia maganda. Jina lake niliona aibu kulitaja, mtoto alikuwa anasikia na jirani yangu Deodatha alikuwa anapita nje, kwa hiyo nikasema tu, "Karibu, wewe ninayekungoja, nyumba ni yako." Tukaenda uani kugeuza kahawa tulizoanika, na tuliporudi, zile za kwenye kikapu zilikuwa zimepungua na maganda yamepangwa kisahanini mawili mawili. Nilidhani ni Kemilembe, lakini huyo hata mahindi ya kuchoma nampukuchulia.

Tangu hapo kila Jumapili natandika, na kila mara kahawa zinaliwa, na nyasi za mbele ya kiti zinalowa, na huku kwetu ni kiangazi, vumbi mpaka kwenye kope. Mtoto akitoka shule anapita kwanza sebuleni, namsikia anasema shikamoo. Nikamuuliza anamwamkia nani, akasema, "Mgeni. Amevaa koti refu, limelowa." Nikamuuliza huwa anasema nini. "Leo amesema nyasi ni chache." Nikamuuliza, kwani anaongea? "Mdomo hautikisiki, mama, ila anasema."

Ningekuwa na akili ningekimbia, lakini sikufichi, Mama Athanasi, nilifurahi. Nilijua ni yeye, nilijua roho yake imesikia kwamba huku kuna mtu anampenda, nikaanza kujipaka mafuta mazuri na kukaa mkekani karibu na kile kiti nikifuma vitambaa, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi sikujisikia mpweke.

Sasa kuna Jovitus, fundi pikipiki, alifiwa na mkewe, mtu mpole na Kemilembe anampenda, naye ametuma habari kwamba Jumapili ijayo anakuja na baba yake mdogo kuleta posa. Wiki iliyopita alikuja peke yake akaishia mlangoni, nilipokutana naye akaniuliza, "Yule mzee uliyekuwa naye ni nani wako? Aliniangalia, nikaona hapa si pangu, nikarudi." Nikaona ni wivu tu wa wanaume. Lakini jana Kemilembe ameniambia, "Mama, mgeni ameomba nimsindikize kwao," na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Je, nimwambie Jovitus asije? Au nimwondoe mgeni, na mgeni uliyemtandikia mwenyewe anaondolewaje?

Ni mimi Restuta, Songambele

Restuta, marahaba. Nianze kwa kukugombeza, kwa sababu umelitafuta.

Hiyo filamu nimeitazama mpaka mwisho kwa ajili yako, muda wangu umeliwa bure. Nakubaliana nawe kuhusu ndoo, na kuhusu soda ya kusimama nilisonya. Lakini humo ndani Ambrose wako amevaa shati la maua mwanzo hadi mwisho. Koti refu hakuna. Halafu ni kijana, hata ndevu bado hazijakaa sawa. Jovitus ameona mzee. Mtoto wako ameona koti linalovuja maji. Watu wawili wanaokupenda wamekuambia kwa vinywa vyao ni nani aliyekaa hapo, na wewe unajipaka mafuta!

Mwanzoni nilitaka kukuandikia kwamba ni panya, au kwamba Deodatha anakuchezea. Ningefurahi iwe hivyo. Ila panya hapangi maganda, na huyo Deodatha sidhani kama ana muda wa kubeba maji aje kulowesha nyasi zako kila Jumapili.

Kumpenda mtu wa kwenye kioo si kosa, mwanangu. Unalea peke yako, unalima peke yako, na yule hakuulizi chakula kiko wapi. Nakuelewa na nakuonea huruma. Kosa lako ni jingine. Mimi nimezaliwa Nyakahanga, si mbali na kwenu, na mama yangu alikuwa hatandiki nyasi kabla ya kumtaja mgeni kwa jina, mwana wa fulani, wa mahali fulani. Bibi yako naye alifanya hivyo, mkumbuke vizuri. Wewe ukaona aibu ya jirani, ukasema "wewe ninayekungoja". Huyo ni nani? Ni yeyote. Ambrose hakusikia, yuko mjini kwake na wala hajui Kyerwa iko upande gani. Amesikia aliyekuwa anapita na hana pa kwenda, akaingia, akakaa ulipomwonyesha.

Simwiti shetani. Amekula alichopewa na hajavunja kitu. Kinachonitisha ni kwamba umemkaribisha na hujawahi kumuaga, na mgeni asiyesindikizwa na mwenye nyumba mwisho hujitafutia msindikizaji. Amemchagua mtoto. Kuanzia utakapoisoma barua hii, Kemilembe asikanyage sebuleni bila wewe.

Jovitus usimzuie. Mwanamume aliyekutana na macho yale na bado anataka kuleta posa, unataka nani tena?

Jumamosi, jua likiwa juu, bandua kwanza ile picha ukutani. Kusanya nyasi zote, usibakize hata unyasi mmoja, funga mzigo ubebe kichwani. Simama mbele ya kiti umwambie, "Mgeni wetu, umekula na umepumzika, sasa tunakusindikiza." Sema kwa adabu, lakini jina usimpe. Ukimwita Ambrose atalichukua, na mwenye jina hafukuziki kirahisi. Kisha mshike Kemilembe mkono. Mkono wake wa pili mpe abebe kikapu cha kahawa, usibaki mtupu njiani, umenielewa?

Piteni katikati ya migomba mpaka kibanja chako kinapoishia, pale barabarani. Tua nyasi, mwaga kahawa juu yake, muage kama unavyomuaga mkwe, na mgeuke. Msikimbie. Msiitikie mkiitwa, hata sauti ikiwa ya taratibu na tamu kama ile uipendayo.

Mkikaribia nyumbani, kabla hujagusa mlango na bila kuangalia nyuma, muulize mtoto mko wangapi. Akisema wawili, ingieni mpike, na Jumapili mkaribishe Jovitus na baba yake mdogo kila mmoja kwa jina lake, kwa sauti, Deodatha asikie na ajae wivu. Akisema watatu, mlango usiufungue. Mshike mkono mpitilize moja kwa moja mpaka kwa Jovitus, na hiyo nyumba mwachie. Ulishamwambia ni yake.