Bega la Elibariki

Aloyce,

Habari kwanza, maelezo baadaye. Ndivyo nilivyofundishwa kazi ya gazeti. Mwanao Proti ndiye kocha wa besiboli wa shule sasa. Mrushaji wake bora, Elibariki wa Marangu, aligundulika ameumia bega mwezi wa kwanza na hakwenda Dar es Salaam kwenye uteuzi wa timu ya taifa ya vijana. Nakuandikia mwenyewe kwa sababu ungekasirika, na hasira yako nilizoea kuipokea mimi.

Kijana huyu hukumfahamu sana. Ulipoanza kuugua alikuwa kidato cha kwanza, mwembamba, glavu ikimzidi mkono. Ulimwangalia akirusha mpira asubuhi moja, ukasema, "Mkono huu usiharakishwe," ukaondoka kwenda kutafuta chai. Amerefuka. Sasa ananipita kichwa kizima.

Mimi bado nakaa kwenye ule ukuta wa uwanja siku za Jumamosi. Proti hunisalimia, "Shikamoo baba," halafu hubaki amesimama, kwa sababu nafasi iliyo kando yangu ni yako. Hakuna anayeikalia. Hatukupanga iwe hivyo.

Ninachokikumbuka zaidi si mechi. Ni kile chumba cha vyuma nyuma ya stoo, na lile benchi lililochomelewa na fundi wa Majengo likawa linayumba upande mmoja, na makopo ya rangi uliyojaza zege kwa sababu shule haikuwa na uzito mwingine. Kila kijana aliyeingia mle alitaka kitu kimoja: kulala kwenye benchi na kusukuma chuma, apate kifua cha kuonyesha kwenye sherehe. Walimu wenzako walikushauri uwakataze. Walisema mrushaji akisukuma sana bega hukaza mbele, nyuma likabaki dhaifu, na mpira hurushwa kwa bega lote, mbele na nyuma. Ulikubali yote waliyosema, kisha ukakataa ushauri wao. Ukiwakataza, ulisema, watakwenda kusukuma kwenye jimu za mtaani Shirimatunda, na huko hakuna wa kuwaangalia.

Basi waliendelea kusukuma, ila kwa masharti yako. Ulikunja blanketi la bweni ukaliweka juu ya kifua, chuma kikishuka kiishie pale, bega lisivutwe kupita kiasi. Viwiko vibaki karibu na mbavu. Aliyeshindwa kuzungumza akiwa anasukuma alipunguziwa uzito. Siku ya kurusha na siku inayoitangulia, benchi lilifungwa. Na kila aliyesukuma mara moja alivuta mara mbili: ile kamba kwenye boriti, mpaka kidevu kifike juu. Kuvuta hakukuwapendeza, kwa sababu mgongo hauonekani kwenye picha. Yule bwana mkubwa wa kidato cha nne aliyejisifu ulimvua shati, ukamgeuza, ukawaomba wenzake wamweleze mgongo wake ukoje.

"Haupo, mwalimu," mmoja alijibu.

Tangu siku hiyo alikuwa wa kwanza kwenye kamba. Na wewe ukapata msemo wako, kifua cha jogoo, mgongo wa kifaranga, ukawatania nao miaka yote.

Lakini kitu ambacho sikukiona kwa kocha mwingine yeyote, na nimeandika habari za makocha wengi, ni lile swali la mlangoni. "Umebeba nini leo?" Wengine walishuka kutoka mlimani baada ya kukata majani ya ng'ombe na kuyabeba toka bondeni. Mwingine alipeleka mikungu ya ndizi sokoni kabla jua halijapanda. Ulisikiliza, ukapunguza kopo hapa na pale kwenye chuma chao. Ulisema bega halichagui, majani nayo ni mzigo. Mtoto wa mwenye duka, aliyekuja amekaa kwenye gari la baba yake, ndiye aliyesukuma uzito kamili, na wenzake walimwonea huruma.

Proti haulizi swali hilo. Simlaumu haraka. Amesoma mambo ya michezo kuliko wewe, na ratiba yake ya mazoezi nimeiona, si mbaya. Kusukuma kupo, kuvuta kupo, siku za kupumzika zipo. Lakini Proti alikulia nyumba za walimu hapa mjini. Krismasi mlipopanda kijijini Mkuu, nyumbani kwenu, alipanda kama wageni wote wa mjini: kula, kulala, kusalimia shangazi. Kwake Desemba ni mwezi wa kupumzisha mwili. Shule ilipofungwa akawapa vijana ratiba ya benchi waende nayo nyumbani, nzito kidogo, kwa kuwa wangekuwa likizo.

Wewe unajua Desemba ya Marangu. Baba yake Elibariki ni mwongoza watalii, na huo ndio msimu wao. Alikuwa mlimani karibu mwezi mzima, akishuka kubadilisha nguo na kupanda tena. Ng'ombe wawili, majani, maji, ndizi za pombe ya mbege, ndizi za supu ya mtori, kuni za kupikia ukoo mzima uliorudi kutoka Dar na Arusha, vyote vikamwangukia kijana. Jioni alilala kwenye ubao nyuma ya zizi akasukuma makopo yake ya zege kama ratiba ilivyosema. Ya kuvuta aliiruka, hakuwa na boriti. Kisha akarusha mpira ukutani mpaka giza. Hakuna aliyemlazimisha. Alitaka kwenda Dar.

Januari alirudi akitabasamu na kuficha maumivu. Mdakaji wake ndiye aliyegundua. Alimwambia Proti mpira unakuja kwa chini, kwa ubavu, kama wa mtu anayetupa mawe mtoni. Tulikuwa katikati ya mechi na wageni kutoka Dar, na mteuzi wa timu ya taifa alikuwa amekaa kivulini na kofia yake nyeupe. Proti alisimamisha mchezo akamtoa. Nilikuwa karibu nikamsikia Elibariki akisema, kwa sauti ya chini, "Kocha, mimi siumwi." Alipoinua mkono kuvua kofia, mkono ukaishia kwenye sikio.

Hospitali walisema hakuna kilichochanika. Mama wa mazoezi ya viungo alimweleza taratibu: mbele pamekaza, nyuma pamechoka, na mifupa ya umri wake haijamaliza kukua. Asirushe kitu mpaka yeye mwenyewe aseme. Na benchi asiliguse kabisa kwa sasa.

Nyumbani kwao waliudhika. Mtoto wao alikuwa aende Dar, wakarudishiwa akiwa na mkono kwenye kitambaa. Proti alikuja kwangu akauliza wewe ungefanya nini. Nikamweleza swali la mlangoni. Akaniomba niende naye Marangu.

Jumapili baada ya misa tulipanda Mkuu, tukaenda kwenye kaburi lako kule kihambani, kwenye shamba la ukoo wenu. Masale yamestawi pembeni yake. Proti alikata jani moja, akalifunga fundo la kuomba radhi, tukashuka kupitia Mwika hadi Marangu. Nilikwenda kama mzee wa upande wetu, maana wewe huwezi tena kuambatana naye. Ungecheka kuona Mlutheri ndiye anamwombea radhi Mkatoliki kwa Walutheri wenzake.

Babu yake Elibariki alilipokea sale kwa mikono miwili, akalitazama, akasema likishaletwa hakuna cha kujadili, tuingie ndani. Mama alileta mtori. Ndiye aliyetupunguzia uzito wa siku ile.

"Mwalimu, alikuwa anavaa shati kwa mkono mmoja," alisema, "nami nikadhani ni mapozi ya vijana."

Tulicheka wote isipokuwa Elibariki. Yeye alikaa mlangoni akitazama migomba. Mwishowe alisema, "Nilikuwa naenda Dar."

Proti akamjibu, "Nilikosea mimi. Sikukuuliza unabeba nini huku."

Basi. Nimehudhuria mikutano mingi ya viongozi wakieleza makosa yao, na sijasikia maelezo mafupi zaidi. Kijana hakusema amesamehe, lakini tulipoondoka alitusindikiza hadi barabarani, mkono wa kushoto ukibeba ndizi tulizopewa. Proti alimnyang'anya akazibeba mwenyewe.

Sasa kuna uteuzi mwingine katikati ya mwaka. Baba yake ameniuliza mara mbili kama nadhani atawahi. Nimemwambia mimi si daktari. Na mhariri wangu amesikia habari za kijana. Anataka makala ya ukurasa wa nyuma, na picha: mkono wenye kasi kuliko yote Kilimanjaro, unarejea. Ni habari nzuri. Itasomeka Marangu yote, itabandikwa dukani, na asubuhi yake Elibariki atakwenda nyuma ya zizi kurusha mpira, apone asipone. Mimi ningekuwa na umri wake ningefanya hivyohivyo.

Naikumbuka sauti yako zaidi ninapokaa peke yangu kwenye ukuta ule, Aloyce, hasa ulivyokuwa ukigombana na watu bila kuinuka. Sina mtu mwingine hodari wa kugombana naye. Siahidi ovyo, kwa sababu mwandishi hudaiwa maneno yake. Hili nakuahidi: jina la Elibariki halitatoka kwenye kalamu yangu mpaka yule mama wa hospitali aseme arushe. Hata kama itakuwa mwakani. Hata kama haitakuwa.

Pumzika, ndugu yangu. Mhariri amepiga simu mara ya pili. Naenda kumwambia hapana.