Ngozi Inayotoa Jasho

12 Januari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama ni wazima, na magoti yamekuacha upumue kidogo. Mimi sijambo kabisa. Leo nimetembea kwenye korido la maabara nikicheka peke yangu, hadi mlinzi akaniuliza kama kuna harusi.

Baba, imekubali!

Unamkumbuka yule mpishi wa bweni aliyemwagikiwa mafuta ya moto, kuanzia chini ya kiwiko hadi karibu na kiganja? Tulichukua mafuta kidogo ya tumbo lake mwenyewe, tukatoa humo seli shina, zile seli changa ambazo bado hazijachagua kazi mwilini. Nimezilea mimi kwa wiki tatu kwenye kabati la joto, nikizibadilishia chakula hata Jumapili. Kisha tukazichanganya na dawa laini kama ute wa yai, tukapaka nusu ya kidonda, upande wa kiwiko. Upande wa kiganja tuliutibu kwa njia ya kawaida.

Sasa ni mwezi wa sita tangu tupake. Angalia picha nilizoambatanisha. Upande wa kiganja umekunjamana kama kovu lolote. Upande wetu umelala, umetulia! Mkuu wangu ameshaandika kwenye ripoti kwa herufi kubwa: BILA KOVU. Mwezi wa tano nitasimama mbele ya kamati inayoruhusu tiba mpya. Mimi, mtoto wa mfunga vidonda!

Ni mimi,
Kitindamimba wako


30 Januari

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Sisi tupo. Magoti ni yale yale, yananung'unika ngazini lakini yanafika. Mama yako anakusalimu sana. Picha zako amezibandika kwenye mlango wa jokofu, na sasa mgeni hapewi kiti mpaka autazame mkono wa mpishi.

Mimi nimezitazama kwa miwani, kisha kwa kioo cha kukuzia. Naomba usinikasirikie. Picha ya upande wa kiwiko imepigwa dirishani. Ya upande wa kiganja imepigwa chini ya taa. Mwanga wa dirishani unasamehe mengi, mwanangu.

Nimefunga vidonda miaka thelathini na moja. Kovu nalijua kwa vidole. Linaweza kulainika likamdanganya hata daktari. Kwa hiyo niambie: hiyo ngozi inatoa jasho? Inaota vinyweleo? Maana kovu halitoi jasho. Mpandishe mpishi wako ngazi mpaka ahemewe, halafu umpapase.

Na mpaka ujue, usimwambie mtu yeyote kwamba hana kovu.

Baba yako


9 Machi

Shikamoo Baba,

Habari za huko, na Mama? Nimenyamaza wiki tano na najua unajua sababu. Nilikasirika. Nilisema moyoni, mzee amezoea pamba na bandeji zake, ya maabara atayajulia wapi. Nisamehe.

Nilimpaka mpishi iodini mkono mzima, ikakauka, nikamnyunyizia wanga juu yake. Jasho likitoka, pale pale panageuka bluu nzito. Kisha tukapanda ngazi pamoja, ghorofa nne, mara tatu. Alikuwa akicheka: "Daktari, uliniambia utaniponya, hukusema utaniua!" Uso wake ulitiririka. Juu ya kiwiko pakajaa nukta za bluu. Kwenye kidonda, pande zote mbili, hakuna hata nukta moja.

Nikapiga picha upya, zote kwenye mwanga mmoja. Tofauti ipo, upande wetu ni laini zaidi. Lakini ni kovu, Baba. Kovu zuri, ila kovu.

Nilimweleza mpishi mwenyewe. Akautazama mkono wake, akasema taratibu, "Asante kwa kuniambia. Nilikuwa najiuliza mbona nikiwa jikoni hapa mkononi huwa pakavu." Alikuwa anajua siku zote. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Kisha nikaenda kwa Mkuu.

"Nani amekutuma kupima jasho?" akaniuliza.

"Baba yangu."

"Baba yako yumo kwenye kamati?"

"Hayumo."

"Basi achana nalo."

Sikuachana nalo. Nimeyaandika yote kwenye ripoti, tena ukurasa wa kwanza, na lile neno la herufi kubwa nimelifuta. Kamati imeisoma, imefuta kikao chetu cha mwezi wa tano, na imesema turudi tutakapokuwa na cha kuonyesha. Leo ni siku ya nane Mkuu haitikii salamu yangu. Wenzangu wakipita mezani kwangu wanatazama viatu vyao. Sijui kama mwezi ujao nitakuwa bado na meza.

Mwanao


13 Machi

Mwanangu kipenzi,

Marahaba, na pole. Mama yako na mimi hatujambo. Barua yako imefika asubuhi hii na najibu kabla ya chai.

Nikueleze jambo ambalo hata mama yako sikumweleza. Mwaka wangu wa pili kazini, mwanamke mmoja aliniuliza kama shavu la binti yake litabaki na alama. Nikamwambia halitabaki. Nilitaka tu kumwona akitabasamu. Baada ya miezi alirudi na yule mtoto, akamsimamisha mbele yangu. Nilishindwa hata kuwaambia waketi. Hapo ndipo nilipojifunza kazi, na niliyemuumiza ili nijifunze alikuwa yule mama. Wewe umejifunza bila kumuumiza mtu. Umenipita, tena kwa mbali.

Kesho umsalimie Mkuu kwa sauti. Kesho kutwa pia. Asipoitikia, shauri yake.

Wakikunyang'anya meza, njoo nyumbani na kichwa juu. Meza ipo.

Baba yako anayejivunia wewe


21 Novemba

Baba na Mama, shikamooni,

Mnaendeleaje? Zile simu zetu za haraka hazitoshi, haya yalikuwa ya kuandikwa.

Mkuu aliitikia salamu siku ya kumi na tisa. Alasiri ile alivuta kigoda hadi kwangu, akakaa, kisha akasema, "Haya, tulifikirie hilo jasho." Tumelifikiria mpaka leo. Safari hii zile seli shina tulizichanganya na seli kutoka mashina ya nywele za mgonjwa mwenyewe, na tulipaka mapema, siku za mwanzo kabisa. Mgonjwa ni fundi wa kuchomelea vyuma aliyeungua mguuni. Anayekagua haambiwi upande upi ni upi.

Mwezi uliopita fundi alipanda ngazi. Upande wa kawaida, hakuna kitu. Upande wetu, Baba, nukta kumi na moja! Nilizihesabu mara nne. Na vinyweleo vitatu, ambavyo fundi anawaonyesha watu kama mtu aliyepata watoto mapacha. Mpaka wa kidonda bado unaonekana, na tumeandika hivyo: "kovu dogo".

Kamati imeturuhusu kujaribu kwa watu ishirini. Mwenyekiti akasema mbele ya wote, "Ripoti hii tunaiamini kwa sababu ya ile ya mwezi wa tatu." Mkuu akanigeukia, akanipigia makofi. Niliinama nikajifanya natafuta kalamu.

Kuna moja limebaki. Kamati inataka mkaguzi anayelijua kovu kwa vidole, na Mkuu amekupendekeza wewe. Nimekataa. Wewe ni baba yangu, na hakuna atakayeamini ukaguzi wako. Usinichukie.

Kitindamimba


2 Desemba

Mwanangu,

Marahaba mara kumi na moja. Tu wazima wa afya, Mama yako anaimba tangu barua ifike.

Nilisoma kwamba Mkuu amenipendekeza, nikainuka kutafuta viatu vyangu vya kazi. Nikasoma mstari uliofuata, nikarudi kukaa. Umefanya sawasawa. Mguu wa yule fundi ningeupapasa kwa vidole vya baba, vingeona vinyweleo thelathini.

Jana nilipita kliniki yangu ya zamani. Wauguzi wakanizunguka: mzee, za siku nyingi, binti wa maabara anaendeleaje?

Nikawaambia, "Amenikatalia kazi."

Wakanionea huruma sana. Mmoja akanivutia kiti, mwingine akanimiminia chai, wa tatu akasema watoto wa siku hizi hawana shukrani. Nikanywa vikombe viwili, nikawaacha waendelee kunibembeleza. Hawakujua kwamba nilikuwa najisifu.

Baba