Karatasi Tatu za Damu

Makambako, 6 Februari 2025

Baba,

Majibu yametoka asubuhi hii. Ambrose, mtaalamu wetu wa maabara, amesema ng'ombe wako wote watatu wana vimelea vya ndigana kali, yule mtamba Tulivu akiwemo. Ndiyo maana salamu nimeziacha nyuma. Kamwene. Miguu inasemaje, na ukungu wa Lupembe? Mimi mzima, nimechoka tu.

Najua utasema Tulivu anakula na kucheua. Hata darubini haikuona kitu. Lakini kipimo hiki ni cha vinasaba: mashine hunakili chembe ndogo ya kimelea mara nyingi mno hadi ionekane. Ng'ombe huweza kukibeba miaka bila kuugua, kisha kupe wakakihamishia kwa wengine. Kwa hiyo tarehe 16 usimkabidhi kwa mama Teodora kanisani. Subiri kwanza.

Ningepiga simu, ila kwenye simu hunisikii.

Mwanao,
Eveline

Lupembe, 11 Februari 2025

Mwanangu Eveline,

Kamwene. Miguu ni ile ile, hasa asubuhi. Ukungu ndiyo kwanza umekaa.

Barua yako niliisoma mbele ya kikundi chetu cha kupeana ng'ombe, maana Tulivu si wangu. Mama yake nilipewa na kikundi, na jike lake la kwanza ni la anayefuata. Anayefuata ni Teodora. Tangu afiwe na mumewe anangoja zamu hii, na banda ameshaliezeka.

Mzee Lenard, mwenyekiti wetu, akacheka: "Mtamba anashiba kuliko mchungaji, huo ugonjwa umejificha wapi?" Nikamjibu kwamba binti yangu ana mashine. Basi wakaamua: kikundi hakigawi mgonjwa. Mchinjaji atamchukua Jumamosi, Teodora asubiri jike jingine. Mwenyewe hakubisha. Aliuliza tu kama majani aliyopanda hayatazeeka.

Nisionekane nilizembea na zile karatasi ulizoniachia Krismasi. Damu nilitoa sikioni, tone kwa kila karatasi, kama ulivyonionyesha. Ukungu haukutoka, nikazipanga zote pamoja darini juu ya jiko, tunapokaushia mahindi, nikazikandamiza na jiwe zisiruke. Zilikauka vizuri.

Baba yako,
Anania

Makambako, 15 Februari 2025

Baba,

Kamwene. Barua yako imenifikia leo Jumamosi jioni. Basi lilikwama kwenye matope. Nimempigia jirani yako Justine, hapatikani. Kama mchinjaji hajafika, mzuie.

Karatasi ulizipanga zikiwa mbichi, zikalaliana. Damu ya mmoja imeingia kwa wenzake, na mashine haijui nani kampaka nani. Mama yake Tulivu alichanjwa ndigana kabla hajaja kwako, na aliyechanjwa hubaki na vimelea bila kuumwa. Huenda mwenye vimelea ni yeye peke yake. Ambrose anasema majibu yale hayafai, turudie.

Mwanao,
Eveline

Lupembe, 18 Februari 2025

Mwanangu Eveline,

Kamwene. Huku tu wazima.

Barua yako nimeipata jana. Tulivu alichinjwa Jumamosi saa nne. Kijiji kizima kilinunua nyama, Teodora hakuja. Jumapili ibadani alikaa benchi la nyuma, wenzake wakamwachia nafasi kama aliyefiwa tena.

Ulisema zikauke. Zilikauka. Hilo nalisema mara moja, sitalirudia.

Leo nimekwenda kwake na barua yako, nikamsomea yote. Akauliza: "Kwa hiyo hakuwa mgonjwa?" Nikamwambia hatutajua. Akasema, "Mama yake si ana mimba?" Ni kweli, atazaa Aprili. Lenard amekubali kwamba ndama akiwa jike ni wa Teodora, ila kikundi hakitapokea majibu mengine yasiyo na uhakika.

Kwa hiyo njoo mwenyewe Jumatatu tarehe 24, asubuhi, na karatasi mpya na bahasha, kila ng'ombe na yake. Mimi sitagusa karatasi. Teodora atakuwepo, amesema kamba atashika yeye.

Baba yako,
Anania