Gauni Lililoshonewa Mtoto Mwingine

Jumapili, alasiri. Mvua imekatika saa nane na sasa mji wote unanuka udongo. Viatu vyangu viko mlangoni, vimejaa matope ya kwa Yaya Solange, na sina nguvu ya kuvisafisha. Nina aibu, na aibu inachosha kuliko kufua.

Nianze na jana.

Jana binti yangu Merveille, mwenye miaka sita, alibeba maua kwenye harusi ya watu ambao hata hatuwajui vizuri. Katikati ya wiki mama msimamizi wa harusi alituona sokoni, akaniomba nimwazime mtoto. Ndiyo, kumwazima, kama mtu anavyoazima viti. Merveille amechukua rangi yangu, nami niliichukua kwa baba yangu, mzungu aliyekuja hapa mjini Kamina kufunga mitambo akaondoka kabla sijazaliwa. Watu wa hapa wanapenda watoto wa rangi yetu watangulie mbele ya bibi harusi. Mimi mwenyewe niliazimwa utotoni mpaka nikazoea. Hadi leo niko ukutani kwenye nyumba nyingi, katikati ya picha, na wenye nyumba hawajui kwamba naitwa Banze. Kwao mimi ni ule mutoto wa muzungu.

Nilikubali haraka, hata kabla ya kufikiri.

Gauni lililetwa jana asubuhi, jeupe, na utepe wa kijani kiunoni. Nilipoligeuza kulipiga pasi nikaona pindo limefumuliwa na kuteremshwa. Mashimo ya sindano ya kwanza yalikuwa bado yanaonekana. Basi lilishonewa mtoto mwingine, mfupi kuliko wangu.

Nilijua maana yake palepale. Nikapitisha pasi juu ya yale mashimo, nikamvalisha mtoto, nikafunga vifungo.

Sasa lazima niandike habari za Solange.

Solange ni binti wa mama mkubwa, dada wa mama yangu. Amenizidi mwaka mmoja, ndiyo maana namwita Yaya, yaani dada mkubwa. Nilipokuwa na miaka saba babu yetu alifariki, tukaenda kumzika kijijini. Wajukuu walipangwa mstari, kila mmoja atupe udongo wake kaburini. Nikajipanga, udongo mkononi. Mjomba mmoja akanishika bega, taratibu, bila ukali wowote.

"Weye ukae kule na bageni. Weye iko na kwenu."

Kwetu wapi? Babu huyo ndiye aliyenifundisha kumenya muhogo. Nikaenda kusimama na wageni, nikitazama viatu vyao. Hapo Solange akatoka kwenye mstari mbele ya watu wazima wote, akanishika mkono, akanirudisha. Udongo wangu ulikuwa umeshaanguka, kwa hiyo akanigawia wa kwake.

Mwaka uliofuata mama mdogo aliolewa. Solange alishonewa gauni la kubeba maua, akawa analijaribu kila siku na kuringa mbele ya kioo. Siku moja kabla ya harusi, msimamizi akaja kukagua. Akamtazama Solange, kisha akanitazama mimi.

"Ule hapana. Iko mweusi sana, ku foto hatutamuona. Muvalishe ule wa muzungu."

Hakuna aliyebisha. Mama zetu wote wawili walikuwapo. Nilikuwa mrefu kuliko Solange, kwa hiyo fundi akafumua pindo jioni ileile. Asubuhi kila mtu alikuwa na haraka, na Solange ndiye aliyeambiwa anifunge vifungo vya mgongoni. Vilikuwa tisa. Alivifunga vyote.

Ningeweza kulia. Ningeweza kukataa kutoka chumbani, na siku ya harusi nani angethubutu kumpiga mtoto wa kwenye picha? Lakini sikulia. Hata kugeuka kumtazama sikugeuka.

Nilifurahi.

Watu wazima walinitoa kwenye mstari wa msiba na kuniweka mbele ya harusi kwa sababu moja, ngozi yangu, na miaka yote hii nimewalaumu wao. Nina haki ya kuwalaumu. Ila jana sikuwa mtoto.

Leo baada ya misa nilikwenda kwa Solange. Nilimkuta anakunja nguo za watoto wake. Nikamweleza yote, ya zamani na ya jana, nikamwomba msamaha. Kusema kweli nilitegemea tulie wote wawili, halafu nirudi nyumbani moyo ukiwa mwepesi. Yeye akaendelea kukunja nguo.

"Banze, miye nilishakomaa," akasema. "Ule mutoto wa jana, weye ulimuuliza jina yake?"

Sikumuuliza. Wala sikumtafuta kwa macho. Solange akanipa chai, tukanywa, akanisindikiza hadi barabarani. Hakusema kama amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza mara ya pili. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Nimerudi nikafungua simu. Picha za harusi zimeshatumwa. Merveille yuko katikati, mzuri, anacheka. Nimezikuza moja moja nikiangalia pembeni, mahali ambapo huwa hatuangalii. Kwenye picha ya nne, nyuma ya akina mama, yuko mtoto wa kike wa miaka kama mitano, amevaa sketi ya shule. Nywele zake zimesukwa kama za watoto wa maua, zimefungwa utepe wa kijani uleule wa gauni. Gauni walilichukua, wakasahau kumfumua nywele.

Nilikuwa bado namtazama mtoto huyo, Merveille akaja kuegemea bega langu. Akaiona picha.

"Huyu njo Ketsia, maman. Ile robe iko yake."

Kumbe alijua. Jina alilijua, na ya gauni aliyajua, tangu jana. Nikamuuliza kama alifurahi kulivaa. Akainamisha kichwa, akachezea kidole chake, akasema ndiyo.

Gauni liko kwenye kiti, halijafuliwa. Kesho tutalipeleka wenyewe, mimi na Merveille, kwa kina Ketsia. Yeye atalibeba, lakini wa kwanza kusema nitakuwa mimi.